Malisho ya Kustahimili Joto: Tusichanganye Joto na Ukame

Katika ukanda wa ng'ombe wa Uganda, unaoanzia Isingiro na Kiruhura ukapita Nakasongola hadi Karamoja, mfugaji anayetafuta mbegu ya malisho huulizia kwanza kama nyasi hizo zinahimili jua. Muuzaji hujibu kwamba zinahimili, na mara nyingi hasemi uongo, isipokuwa swali lenyewe limechanganya joto na ukame, ambavyo huuumiza mmea kwa njia tofauti.

Nyasi zetu nyingi za kitropiki, zikiwemo matete, brakiaria na boma rodi, hufanya kazi vizuri kabisa hewa ikiwa na nyuzi joto 30 hadi 35 za Selsiasi, ilhali lusini (malisho ya jamii ya kunde) na oti hupendelea nyuzi 20 hadi 25 hivi, ndiyo maana oti itafaa milima ya Kigezi yenye baridi kuliko nyanda za Nakasongola. Kwa hiyo matete yanayonyauka mwezi wa Januari kwa kawaida hayashindwi na joto bali na udongo mkavu. Ukiyatazama saa sita mchana utaona majani yamejikunja kwa urefu. Ikiwa mizizi bado inapata maji, jioni hukunjuka, lakini yakipambazukiwa yamejikunja vilevile, ujue maji ya udongoni yamekwisha. (Majani ya manjano yaliyodumaa ni habari nyingine: huo huenda ukawa ugonjwa wa kudumaa, na dawa yake ni kung'oa shina zima.)

Madhara ya joto lenyewe ni ya chinichini zaidi. Joto huharakisha ukuaji, shina likakomaa mapema, lignini, yaani kitu kinachokakamaza shina, ikaongezeka na malisho yakawa magumu kumeng'enywa, hata kama shamba zima ni kijani kibichi. Ng'ombe huchambua majani na kuacha mashina, maziwa yakapungua ilhali hori bado limejaa. Mimi, basi, huuliza uwiano wa majani na mashina kabla ya kuuliza kama nyasi hazifi.

Kwa kipimo hicho brakiaria zinastahili sifa. Mulato II, chotara iliyozalishwa na kituo cha utafiti wa kilimo cha CIAT nchini Kolombia, ina majani mengi na mizizi mirefu, na wazazi wake watatu, yaani ruziziensis, decumbens na brizantha, wote asili yao ni Afrika. Basilisk, aina ya decumbens iliyoenea sana Brazili, ilitokana na mbegu zilizopelekwa Australia kutoka Uganda mwaka 1930. Inakera kidogo kununua kwa bei kubwa kizazi cha nyasi zilizotoka kwetu, wakati jamaa zake wa porini bado wanakanyagwa na ng'ombe bila mtu kuwachagua kwa ajili ya joto la hapa.

Aliye na matete tayari asiyang'oe kwa pupa. Msimu wa joto ayakate yakifika mita moja hivi, kabla mashina hayajakomaa, na ziada aikaushe au aisindike iwe saileji, yaani malisho yaliyoshindiliwa na kuchachushwa bila hewa.