Kikohozi cha Shangazi

Shangazi yangu wa Ngamiani, Tanga, hakuwa mtu wa kuugua ovyo. Ndiyo maana alipoanza kukohoa, mwaka 2017, nyumba nzima ilijua. Kilikuwa kikohozi kikavu cha kukereketa koo, hakina kohozi wala homa. Mchana kilimpa nafasi akauza vitumbua vyake. Akilala tu, kinaanza. Mimi nilikuwa nakaa kwake wakati ule, na chumba changu kilipakana na chake. Usiku nilikuwa namsikia anakohoa mpaka anainuka, anakaa kitako na kumtaja Mungu.

Kila mtu alikuwa na dawa ya kumpa. Duka la kwanza lilimpa amoksilini. Dozi ikaisha, kikohozi kiko palepale. Duka la pili likampa antibiotiki nyingine, kali zaidi, pamoja na chupa ya dawa ya maji. Mtu akasema hiyo ni aleji, ikaongezwa piritoni, shangazi akawa anasinzia mbele ya karai la mafuta ya moto. Jirani yetu, mama anayesifika mtaani kwa dawa zake za kienyeji, alileta tangawizi, ndimu na asali kila jioni, na alisimama mlangoni mpaka kikombe kiishe.

Kisha mtu akatamka TB.

Nadhani hilo ndilo lililomuumiza kuliko kukohoa kwenyewe. Alipelekwa kupima makohozi, na kwa kuwa hakuwa na kohozi, alihangaika asubuhi nzima kutoa kidogo cha kuweka kwenye kikopo. Majibu hayajatoka, tayari ameshajitengea kikombe na sahani, na wajukuu wakija anawafukuza kwa ukali, wao hawajui wamekosa nini. Majibu yakatoka: hana kifua kikuu. Tukashukuru. Sahani hakuirudisha kabatini. "Mashine nazo hukosea," alisema.

Suluhisho lilitujia kwa njia ya goti. Goti lilimuuma, nikamsindikiza kununua diklofenaki, safari hii kwenye duka kubwa la dawa karibu na soko. Nyuma ya kaunta alikuwepo mfamasia kijana. Akamwamkia, akamsikiliza anavyokohoa, kisha badala ya kufungua droo akauliza:

"Mama, kuna dawa nyingine yoyote unayokunywa kila siku?"

"Sina, mwanangu. Ya presha tu."

Wahudumu wote tuliopitia kabla yake waliuliza anaumwa nini. Huyu ndiye wa kwanza kuuliza anakunywa nini, na hata hivyo jibu la kwanza lilikuwa "sina". Kwa shangazi, kidonge cha presha kilikuwa kama chai ya asubuhi. Dawa ni ile unayokunywa ukiumwa, ukipona unaacha.

Nikatumwa nyumbani kuleta mfuko wote. Mfamasia akaumwaga juu ya kaunta: mabaki ya amoksilini, piritoni, chupa ya dawa ya maji, na bahasha ndogo iliyoandikwa kwa kalamu "Enalapril mg 10, 1x1". Akaishika ile bahasha. Ameanza lini kuinywa? Tukahesabu kwa kurudi nyuma mpaka tukakuta kwamba kidonge kilitangulia, kikohozi kikafuata baada ya wiki kadhaa.

Alitueleza bila haraka. Enalapril, hicho kidonge cha presha, huzuia kimeng'enya (kichocheo cha mwilini) kinachosaidia kupandisha presha, lakini kimeng'enya hichohicho huvunjavunja kitu mwilini kiitwacho bradikinini. Kikizuiwa, bradikinini inarundikana kwenye njia ya hewa na kuikereketa. Kikohozi cha namna hiyo huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na antibiotiki haiwezi kufanya lolote hapo. Akauliza kama midomo au ulimi umewahi kuvimba. Hapana. "Ukivimba hata usiku wa manane, usimeze kingine. Kimbilia hospitali."

Shangazi akanyoosha mkono kuitupa bahasha. Kijana akaizuia. "Usiache kwa kuwa mimi nimesema, mama. Presha ikiachwa wazi huleta kiharusi. Kesho nenda kliniki, waambie, watakubadilishia." Akaandika kikaratasi cha kumpelekea daktari. Diklofenaki akakataa kutuuzia: hupandisha presha, na ikikutana na enalapril inaweza kuumiza figo. Akampa parasetamoli. Ile dawa ya maji nayo akatusomea lebo; ndani yake mlikuwa na dawa ya kuzibua pua, ambayo hubana mishipa ya damu. Yaani miezi yote ile tulikuwa tunatibu presha kwa mkono mmoja na kuipandisha kwa mwingine.

Nikamwomba boksi la enalapril nilione. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi, maandishi madogo ya Kiingereza, na kikohozi kimetajwa waziwazi kati ya madhara yanayotokea mara kwa mara. Karatasi ile haikuwahi kutufikia. Vidonge huhesabiwa, vikatiwa kwenye bahasha, karatasi ikabaki kwenye boksi, na mgonjwa akaondoka na "1x1". Bado hilo linaniudhi.

Kliniki walimpima damu kuangalia figo na potasiamu, wakambadilishia losartan, ambayo hushusha presha kwa njia nyingine, haigusi bradikinini. (Baadaye nilisoma kwamba jamaa za enalapril zilianzia kwenye utafiti wa sumu ya nyoka wa Brazili. Sikumwambia shangazi, angeweza kukataa hata losartan.)

Kikohozi hakikukatika siku ileile. Kilipungua polepole kwa wiki kadhaa, na muda wote huo jirani hakuacha kuleta kikombe chake. Kwa hiyo ukipita Ngamiani leo ukauliza, utaambiwa kilichomponya shangazi ni tangawizi, na shangazi mwenyewe, kwa kulinda ujirani, hapingi.