Hilali Ambayo Haikuwa Angani

Usiku wa kuamkia leo nimekaa mbele ya skrini hadi saa tisa, nikikitazama kitu ambacho kwa siku mbili nzima niliamini kuwa ni wingu la vumbi lisilowahi kuonekana katika picha ya mtu yeyote. Lilikuwa na umbo la hilali nyembamba. Mwanga wake uliizidi anga ya jirani kwa kiasi kidogo mno, nalo lilijitokeza tu pale nilipoivuta picha kwa nguvu ili sehemu zake zilizofifia zipate kuinuka kutoka gizani. Ninaandika haya uchungu ukiwa bado mbichi, kwani nikisubiri wiki moja nitayasimulia kwa utulivu ambao sikuwa nao.

Nilichokuwa nikikipiga ni IC 2118, nebula, yaani wingu la gesi na vumbi lililo kati ya nyota, ambayo wapiga picha wa anga huiita Kichwa cha Mchawi kwa sababu inafanana na uso uliotazamwa kwa ubavu, wenye pua ndefu na kidevu kilichochongoka. Iko karibu na Rigel, nyota angavu ya mguu wa kundinyota la Jabari, ambayo hata jina lake limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mguu. Nebula hii haina mwanga wake yenyewe. Ni vumbi linaloangazwa na Rigel, nyota iliyo umbali wa takriban miaka nuru 860 kutoka kwetu, na kwa kuwa chembe za vumbi hutawanya mwanga wa buluu zaidi kuliko mwekundu, wingu zima huonekana katika samawati iliyopauka. Hapo ndipo ulipo ugumu wake. Nebula nyekundu za hidrojeni hung'aa zaidi katika urefu mmoja wa wimbi, nanomita 656.3, hivyo mtu anayeishi katikati ya taa za mji anaweza kuweka kichujio kinachopitisha nanomita chache tu kuzunguka wimbi hilo na bado akapata picha ya kuridhisha. Kichwa cha Mchawi hakina wimbi lake maalumu. Mwanga wake ni wa nyota, umeakisiwa ukiwa na rangi zote, na kichujio kitakachouzuia mwanga wa mji kitauzuia na wenyewe. Kinachohitajika ni giza la kweli, na giza la kweli hufuatwa mbali.

Nimelifuata kwa usiku saba. Nilikusanya picha 360 za dakika tatu kila moja, yaani saa 18 za mwanga, kisha nikazirundika moja juu ya nyingine kwa programu inayozilinganisha nyota kwa nyota. Picha moja ya dakika tatu huwa imejaa chenga kiasi kwamba mgeni akiitazama ataona nyota na kijivu kitupu. Chenga hizo hupungua kadiri picha zinavyorundikwa, lakini hupungua kwa uchoyo: ukitaka picha iwe safi mara mbili, huna budi kukusanya mwanga kwa muda mara nne. Mnamo tarehe 30 Septemba 1880, Henry Draper, mwanaastronomia wa Marekani, aliiacha sahani yake ya kemikali ikipokea mwanga wa nebula kuu ya Jabari kwa dakika 51 na kupata picha ya kwanza ya nebula. Nebula ile huonekana hata kwa macho matupu. Hii yangu ni hafifu mno kuliko ile, na nimezoea kuzihesabu saa zake kama anayejaza mtungi kwa matone.

Hilali ilikuwa chini ya kidevu, upande wa kushoto. Niliipima, nikaitafuta katika picha za wengine nisiikute, na moyo ukaanza kunienda mbio. Matumaini yangu hayakuwa ya kipuuzi. Mwaka 2023 Yann Sainty, Xavier Strottner na Marcel Drechsler, wote wakiwa wapiga picha wasio wa kulipwa, walitangaza pamoja na wanaastronomia upinde mkubwa wa oksijeni kando ya galaksi ya Andromeda, katika eneo la anga lililokwisha kupigwa picha mara zisizohesabika. Upinde ule ulikuwa hafifu, na hakuna aliyekuwa ameutafuta kwa wimbi lile kwa saa nyingi kiasi kile. Lakini kabla ya kuutangaza walihakikisha kwamba darubini nyingine nazo zinauona. Mimi nilikuwa na darubini moja tu na hamu kubwa.

Kilichonitoa gizani ni mgeuko wa mtambo. Nyota inapovuka katikati ya anga, mtambo wangu unaobeba darubini hulazimika kugeuka upande wa pili, na kuanzia hapo kamera huwa imepinduka nyuzi 180 ikilinganishwa na anga. Kilicho angani hubaki mahali pake kati ya nyota zilezile. Kilicho ndani ya kamera huhama. Nikazigawa picha mafungu mawili, zilizopigwa kabla ya kugeuka na zilizopigwa baada yake, nikalirundika kila fungu peke yake. Katika fungu la kwanza, lililokuwa kubwa zaidi, hilali ilikuwa chini ya kidevu. Katika la pili ilikuwa juu ya paji la uso, upande wa kulia, ikiwa imegeuza mgongo. Nilizitazama picha hizo mbili kwa muda mrefu, nikizibadilisha moja baada ya nyingine, ingawa jibu nilikuwa nimeshalipata mara ya kwanza.

Lilikuwa punje la vumbi. Kila mpiga picha wa anga hupiga pia picha za uso mweupe uliomulikwa sawasawa, ili programu ijue kivuli cha kila punje lililokaa mbele ya kihisi na kukifuta. Mimi nilizipiga asubuhi ya pili, baada ya kuilegeza kamera na kuikaza tena. Kivuli kikawa kimesogea pikseli chache, kwa hiyo programu ikafuta mahali pasipo na kivuli na kupaacha penye kivuli. Matokeo yake ni hilali mbili zilizopakana, moja angavu na moja nyeusi. Ile nyeusi nilikuwa nimeiona tangu mwanzo, nami nikaiita, katika daftari langu, mkondo wa vumbi zito.

Nimelikata neno hilo kwa kalamu nyekundu bila kulifuta. Kisha nikaziondoa picha zote zilizosahihishwa kwa kivuli kisicho chake, nikabaki na usiku minne, saa 11 hivi, na kuzirundika upya. Pua ya mchawi imekuwa na chenga nyingi zaidi kuliko jana. Chini ya kidevu sasa hakuna kitu ila anga, iliyochanganyika na rangi ya kahawia hafifu ambayo inakuja na kutoweka kulingana na jinsi ninavyoivuta picha, na sitaipa jina lolote mpaka nizione pande zote mbili za mgeuko zikikubaliana. Rigel huchomoza mapema kwa takriban dakika nne kila siku, na mwezi unaondoka angani mwishoni mwa wiki hii. Safari hii picha za uso mweupe nitazipiga papo hapo gizani, kabla mkono wangu haujagusa skrubu yoyote.