Korongoni Olduvai, kwenye njia ya jiwe na nyama

Tuliondoka Karatu alfajiri, ukungu ukiwa bado umeufunika msitu wa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na ilipofika saa nne asubuhi tulikuwa tumeshateremka upande wa pili, kwenye nyika kavu inayoelekea Serengeti. Pale inapochepuka barabara ya kwenda Olduvai yamesimamishwa mafuvu mawili makubwa ya saruji, la Zinjanthropus na la Homo habilis, zamadamu wawili wa kale waliopatikana hapa. Nilimwomba dereva asimame. Kwa miaka mingi nimefundisha somo la historia, na kila mwaka wanafunzi wameniuliza ni yupi kati ya hao wawili aliyechonga zana za mawe, nami nimekuwa nikilijibu swali hilo kwa haraka kupita kiasi.

Jina la mahali hapo limetokana na oldupai, neno la Kimaasai la mkonge mwitu, na mimea yenyewe ingali imejaa kandokando ya njia, majani yake mazito yakiwa yamechongoka kama mikuki. Nilifurahi zaidi kukumbushwa kwamba FLK, herufi za jina la sehemu ya uchimbaji inayotajwa katika kila kitabu cha zamadamu, zinabeba neno letu wenyewe: Frida Leakey Korongo. Hapo ndipo tarehe 17 Julai 1959 mtafiti Mary Leakey, mumewe na mtafiti mwenzake Louis akiwa amelala kambini mgonjwa, alipouona mfupa umejitokeza kwenye mteremko, na juu ya taya meno mawili makubwa.

Fuvu lenyewe, ndilo la Zinjanthropus, limehifadhiwa Dar es Salaam, lakini nakala iliyomo katika makumbusho ya Olduvai inatosha kumfanya mtu anyamaze. Magego yake ni mapana kiasi kwamba la kwangu lingeonekana kama la mtoto, na utosini umepita ukingo wa mfupa ambao misuli ya kutafunia ilishikamana nao. Kwa meno kama hayo walimwita mvunja njugu, na jina hilo likadumu kwa miongo kadhaa, mpaka watafiti walipopima kaboni iliyobaki ndani ya enameli, ganda gumu la jino, wakagundua kwamba chakula chake kikuu kilikuwa jamii ya nyasi na ndago. Alikuwa mtafunaji wa kutwa nzima, na hilo linanifanya nimwangalie kwa heshima, kwa maana ukoo wake uliishi kwa lishe hiyo zaidi ya miaka milioni moja.

Tukashuka korongoni kwa miguu. Kuta zake zimepangika kwa matabaka ya majivu ya volkano na udongo wa ziwa la kale, na tabaka la tatu ni jekundu mno hata huhitaji kuonyeshwa. FLK iko chini, katika tabaka la kwanza, lenye umri wa karibu miaka milioni 1.8. Kutoka kwenye kieneo ambacho mtu angeweza kukizunguka kwa dakika chache yalichimbuliwa mawe zaidi ya 2,000 yaliyovunjwa kwa makusudi, pamoja na maelfu ya vipande vya mifupa ya wanyama. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mifupa hiyo ilipowekwa chini ya darubini, ilionekana ina mikwaruzo ya makali ya jiwe, na mingine ilikuwa imepondwa ili kutoa uboho. Ipo pia yenye alama za meno ya wanyama wala nyama, na ndiyo sababu wataalamu wangali wanabishana kama zamadamu waliwinda au waliwahi mzoga uliokwisha kuangushwa na mwingine.

Mwongozaji wetu alinyoosha mkono kuelekea kaskazini. "Mwalimu, unakiona kile kilima? Ndicho Naibor Soit, yaani jiwe jeupe. Mawe mengi ya kwarizi yaliyochongwa hapa yalitoka kule." Ni mwendo wa kilomita kama mbili au tatu. Nilisimama nikikitazama kwa muda mrefu, kwa sababu kwangu mimi utamaduni unaanza kuonekana katika mwendo ule: mtu ameacha chakula mahali pamoja na jiwe liko mahali pengine, naye anaviunganisha kichwani kabla ya kuviunganisha mkononi.

Nani sasa aliyekwenda kilimani? Louis Leakey kwanza alimpa Zinjanthropus sifa hiyo, kisha ikapatikana mifupa ya kiumbe mwenye meno madogo na ubongo mkubwa zaidi, ambaye mwaka 1964 aliitwa Homo habilis, stadi wa mikono. Hapo ndipo jibu langu la darasani lilipokuwa limekomea. Lakini huko Lomekwi, karibu na Ziwa Turkana nchini Kenya, zimepatikana zana za miaka milioni 3.3, za kale kuliko kisukuku chochote kinachojulikana cha jamii ya Homo, na mwaka 2023 ilitangazwa kwamba Nyayanga, katika Kenya hiyohiyo, meno ya jamaa wa Zinjanthropus yamekutwa pamoja na zana na mifupa ya viboko iliyokatwakatwa. Nimelazimika kuliandika upya somo langu.

Tuliporudi juu, mwongozaji alitandika turubai kivulini akatoa mawe ambayo hayakuokotwa korongoni, ili nijaribu kuchonga zana. Niligonga mara saba au nane, nikapata vumbi na kidole chenye maumivu. Nilidhani nimekosa nguvu. Yeye hakusema lolote. Alichuchumaa mbele yangu, akagonga lake polepole mara mbili ili nione, kisha akanishika kifundo cha mkono na kukiinamisha kidogo, pigo lipate kuangukia ukingoni mwa jiwe badala ya katikati. Nikagonga tena. Kipande chembamba kikabanduka na kuanguka kwenye turubai, nacho kilipogusa ukanda wa ngozi wa begi langu kiliukata bila kukandamizwa.