Samaki Wawili Ambao Hawakuwahi Kukutana

Kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyohifadhiwa katika jiwe, cha kwanza cha maana nilichonunua kilitoka katika miamba ya Green River, jimboni Wyoming nchini Marekani. Kilikuwa bamba la chokaa lenye samaki aina ya Diplomystus, urefu wake shubiri mbili hivi, na kinywani mwake alikuwa amekwama samaki mdogo wa aina nyingine, Knightia, ambaye mkia wake ulichungulia nje kana kwamba mlo umekatizwa jana. Visukuku vya namna hiyo vipo kweli, kwa kuwa katika ziwa lililokuwa pale takriban miaka milioni 52 iliyopita Diplomystus aliwala Knightia, na wengine walikufa mawindo yakiwa bado kooni. Kwa sababu nililijua hilo, sikuuliza maswali.

Siku moja, miezi mingi baadaye, nilikuwa nikilifuta vumbi bamba hilo wakati mwanga wa dirishani ulipolipiga kwa ubavu, nikaona mfereji mwembamba kama unywele ukikizunguka kichwa cha yule mdogo. Nilichukua lenzi. Nje ya mfereji jiwe lilikuwa na tabaka nyembamba zilizopangana kama kurasa za kitabu, lakini ndani yake palikuwa na unga uliokandwa usio na tabaka lolote, na humo mlikuwa na vitundu vya mviringo vilivyoachwa na viputo vya hewa, jambo la kawaida katika gundi iliyochanganywa na unga wa jiwe. Samaki wote wawili walikuwa halisi, ila hawakuwahi kukutana.

Tangu hapo nikitazama bamba siangalii samaki kwanza, bali pale anapokutana na jiwe. Ufa unaokatiza bamba zima kisha ukapotea ghafla ubavuni mwa samaki na kutokea upande wa pili una maana kwamba samaki huyo ameletwa kutoka kwingine na kupachikwa. Vivyo hivyo, samaki wanaotakiwa kuonekana kama walikufa pamoja lazima walale juu ya tabaka moja, na si mmoja awe kina cha kucha chini ya mwenzake.

Rangi ni kesi ngumu zaidi, na hapa sipendi haraka ya wale wanaoita kila kilichoguswa kuwa bandia. Katika baadhi ya tabaka za Green River jiwe hupasuka katikati ya samaki mwenyewe, hivi kwamba baadhi ya mifupa hubaki upande mmoja na mingine upande wa pili, na anayesafisha bamba hujikuta na samaki mwenye mapengo. Kishawishi cha kuyajaza kwa brashi ni kikubwa, hasa kwenye mapezi. Lenzi huutambua mkono huo kwa urahisi: kijiti halisi cha pezi kimegawanyika kuwa vipingili vidogo na huchanua kuelekea nchani, ilhali mchoraji huvuta mstari mmoja laini usio na kiungo. Mfupa una unene na vinyweleo, na rangi yake hubadilika kidogo kutoka sehemu hadi sehemu, lakini rangi ya kupaka huingia hata kwenye vishimo vya jiwe lililo jirani.

Taa ya urujuanimno, ile ya mwanga usioonekana kwa macho, katika chumba chenye giza husaidia sana, kwa kuwa gundi na rangi nyingi za kisasa hung'aa tofauti na jiwe. Pamba yenye asetoni, kimiminika kinachoyeyusha rangi na gundi, nayo huondoa baadhi ya rangi, ingawa mimi huijaribu pembeni tu na kwenye kipande changu mwenyewe, kwani huweza pia kuyeyusha gundi inayoshikilia mifupa halisi. Nakala zilizomiminwa kwa resini, aina ya plastiki ya maji inayoganda, hazinisumbui: ni nyepesi, hazina ubaridi wa jiwe, na jicho lililozoea halidanganyiki.

Hata hivyo, resini peke yake si ushahidi wa ulaghai. Samaki wa Messel, Ujerumani, wamo ndani ya mwamba wenye maji mengi ambao hukauka na kupasukapasuka, kwa hiyo watafiti wenyewe humimina resini upande mmoja wa mifupa kisha huondoa mwamba upande wa pili. Bila kazi hiyo samaki angesambaratika. Neno ninalolitafuta kwa muuzaji ni maelezo: kipi kimegundishwa, kipi kimejazwa, kipi kimepakwa. Siku hizi huomba pia picha iliyopigwa chini ya taa ya urujuanimno, na muuzaji asiyekuwa na la kuficha huituma bila kunung'unika.

Bamba langu sikulirudisha wala kulitupa. Liko mezani, na nimelibandikia karatasi nyuma: Diplomystus, halisi, Knightia, halisi, mlo, wa kubuni.