Kifaranga wa Ghuba ya Manton

Teksi kutoka stesheni ya Oakham, Uingereza, hadi upande wa Lyndon ilinila pauni 16, na hata dakika kumi na tano hazikufika. Nililipa nikinung'unika; Jumapili ile sikupata basi.

Ilikuwa safari yangu ya tatu bwawa la Rutland Water mwaka huo. Januari vidole viliganda, nikatazama maelfu ya bata waliokimbia barafu za kaskazini. Wamo wenye kichwa rangi ya kutu, wanapiga mluzi kama watoto wanaoitana gizani. Mei ilinyesha kutwa. Mwisho wa Agosti ndio ulionifanya niandike.

Bwawa hili lilijazwa maji miaka ya 1970, na kijiji cha Nether Hambleton kikapotelea humo. Furukombe, ndege wakubwa wawindao samaki, walikuwa hawazaliani tena sehemu hizi, mpaka mwaka 1996 vifaranga walipoanza kuletwa kutoka Uskoti. Mwaka 2001 jozi ya kwanza ikaangua.

Ndani ya kibanda cha kuchungulia ndege, kwenye Ghuba ya Manton ya bwawa hilo, nilimkuta mzee mmoja na darubini ya miguu mitatu. Alinipisha bila kuniuliza natoka wapi, jambo ambalo nilimshukuru kimoyomoyo. Kinda wa furukombe alikuwa juu ya nguzo akilia njaa. Ghafla baba yake akajitupa kutoka juu, miguu mbele, akazama hadi mabegani. Nilidhani amekufa maji. Akaibuka kwa shida, akapanda, akajikung'uta hukohuko hewani, trauti kwenye makucha.

"Tazama samaki," mzee akaninong'oneza.

Samaki alikuwa amegeuzwa, kichwa mbele, mguu mmoja wa ndege ukimshika mbele na mwingine nyuma, ili akate upepo pamoja na aliyembeba. Mkia wake ulikuwa bado unapigapiga.

Mzee akaniambia mama wa kinda ameshaondoka, na baba naye hatamsubiri mtoto. Kinda ataruka peke yake mpaka Afrika Magharibi, hana wa kumwonyesha njia, na akifika salama atakaa huko miaka miwili au zaidi kabla ya kurudi. Nilimuuliza tena na tena. Peke yake kabisa? Peke yake.

Mimi nimekulia Tanzania, kando ya bwawa la Nyumba ya Mungu, baba akivua perege. Ndege tuliyemjua ni kwazi, yule tai mla samaki, maana sauti yake ndiyo iliyotuamsha. Nilipokuja Leicester baba alinisindikiza mpaka stendi ya Moshi tu; nauli ya kwenda na kurudi uwanja wa ndege hakuwa nayo. Basi lilipoondoka alikuwa bado ameshika mfuko wa machungwa aliosahau kunipa.

Jioni sikuita teksi tena. Nilitembea kurudi Oakham, miguu ikiwaka moto, nikampigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema?"

Nikamweleza yule ndege.

"Mwenye mstari mweusi machoni? Huyo huja huku wakati wa kaskazi. Mmoja, wawili. Hukaa kwenye mti mkavu ulio majini, halii kama kwazi."

Hawa wa Rutland huishia zaidi Senegal na Gambia, kwa hiyo wa kwetu ni wengine. Sikumwambia hivyo.

"Na huyo mdogo," akauliza, "ameshaondoka?"

"Bado, baba. Nimemwacha anakula."