Pikapu ipimwe ikiwa tupu

Kazi yangu ni friji na AC. Karakana iko Kisauni, Mombasa, nyumba iko Bamburi, na wateja wametawanyika kutoka Tudor hadi Mtwapa. Miaka sita nilitembea na Toyota Probox ya vifaa, na friji ikikataa kutengenezeka nyumbani kwa mteja nilikodi pikapu karibu na soko la Kongowea, shilingi 1,500 kwenda na kurudi, zaidi ikibidi kuvuka kuingia kisiwani. Siku moja nikajumlisha. Kwa mwaka mmoja nilikuwa nimewalipa wenye pikapu pesa ambazo zingeninunulia tairi nne na injini nusu. Nikasema basi, nanunua yangu.

Kila niliyemuuliza alikuwa na jibu kabla sijamaliza swali. Fundi wangu wa magari: "Wewe mtu wa mizigo, chukua singo kabini yenye bodi ndefu," yaani pikapu ya viti vya mbele peke yake. Shemeji yangu: "Hilux, funga macho." Kijana mmoja wa yadi ya magari alinishika mkono akanipeleka kwenye kile kipikapu kidogo cha Kijapani, Suzuki Carry, akakisifu kama anamwozesha dadake. Ami yangu peke yake, aliyeendesha malori ya masafa marefu mpaka akastaafu, ndiye aliyenirudishia swali: "Kwani kwa mwezi wapakia siku ngapi?"

Sikujua. Nikanunua daftari la shilingi thelathini, nikaliweka kwenye dashibodi ya Probox, na kwa wiki nne nikaandika kila safari: nimebeba nini, kilo ngapi kwa kukisia, watu wangapi, barabara gani. Siku za kazi zilikuwa 24. Siku nilizohitaji kubeba friji au mashine kubwa ya AC zilikuwa 5, na kati ya hizo ni 2 tu zilizopita kilo 300. Siku 19 zilizobaki nilikuwa mimi, kijana wangu wa kazi, sanduku la vifaa, mtungi wa gesi na ngazi. Jumapili zilikuwa 4, na 3 kati yake tulitoka: mke wangu, watoto watatu, boksi la barafu na mishipi yangu ya kuvulia.

Yaani siku nyingi pikapu yangu ingekuwa tupu. Hapo ndipo ushauri wote niliopewa ulipoanza kupwaya, kwa sababu kila mtu alikuwa ananichagulia gari la zile siku mbili.

Kile kidogo nilikipenda, sifichi. Injini ya cc 660, upana haufiki mita moja na nusu, kinapita vichochoro vya Mji wa Kale ambavyo Probox huvipita kwa dua. Lakini kimetengenezwa kwa mzigo wa kilo 350, na viti ni viwili. Jumapili ndiyo iliyokiangusha. Mke na watoto watatu ningewaweka wapi? Kuwapakia bodini ni kosa kisheria, na hata lisingekuwa kosa, siwezi kuona kichwa cha mwanangu kimechomoza nyuma kwenye barabara ya Malindi na yale mabasi yanavyokimbia.

Singo kabini iliniumiza kichwa zaidi, maana hoja ya bodi ndefu inasikika kama akili. Mpaka nikakumbuka kazi yangu mwenyewe. Friji haisafirishwi imelala. Ukiilaza, oili ya kompresa hutambaa ikaingia kwenye mabomba, na ukiiwasha kabla haijarudi chini unaweza kuiua kompresa iliyokuwa nzima. Ikishalazwa huachwa imesimama saa kadhaa kwanza, na mteja huyo anakuangalia na nyama zake zinayeyuka. Kwa hivyo friji zangu husimama, na friji iliyosimama haitaki urefu. Inataka sakafu isiyofika mita moja kwa mita moja na chuma imara cha kufungia kamba. Mabomba ya shaba huja yameviringishwa. Ya plastiki ya mita sita hayaenei hata kwenye bodi ndefu, lazima yapande juu ya keria. Nikachukua utepe, nikapima bodi ya dabo kabini, ile pikapu yenye viti vya nyuma pia: kama mita moja na nusu. Inatosha na chenji inabaki.

Basi ni dabo kabini. Lakini ipi, na ya magurudumu mawili au manne?

Kabla ya kununua nilikodi dabo kabini ya mtu ninayemfahamu kwa siku mbili, Jumamosi na Jumapili, ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Nakushauri ufanye hivyo, maana kuzungushwa mtaa mmoja na mwenye kuuza hakukuonyeshi chochote. Jumamosi nikapita njia zangu za kawaida bila mzigo. Mama watoto nilimwomba aketi nyuma, mbele akae mtoto, na tukaenda Bamburi hadi Kiembeni na kurudi. Sikumwambia natafuta nini. Tulipofika nyumbani akashuka akijishika kiuno. "Kiti hiki kimenyooka kama benchi la madrasa," akasema, "na gari lenyewe laruka kama mbuzi."

Laruka, kweli. Springi za nyuma za pikapu ni vile vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na vimepangwa vibebe karibu tani moja. Usipoweka kitu havipindi, kwa hivyo kila shimo linakuja moja kwa moja mgongoni mwa aliyeketi nyuma. Na si mgongo tu. Uzito wote wa injini uko mbele, mkia ni mwepesi, na tulipopinda Kengeleni barabara ikiwa imelowa nilihisi nyuma inataka kunitangulia. Nilikuwa kwenye mwendo wa kawaida kabisa.

Jumapili tukavuka feri ya Likoni hadi Tiwi. Njia ya kushuka baharini mwisho wake ni mchanga, na mimi nikaingia kama ninavyoingia na Probox, bila kufikiri. Magurudumu ya nyuma yakazunguka mara tatu, yakajichimbia mpaka chuma cha ekseli kikagusa chini. Wavulana wawili waliokuwa wanatoka kuvua wakasimama kuangalia. Mmoja akaja, akaukandamiza mkia wa gari kwa mikono miwili kama anayepima godoro, akasema, "Mzee, gari lako halina kitu nyuma." Akanionyesha. Tukapunguza upepo tairi zote mpaka kama PSI 18, tukachimbua mchanga mbele ya magurudumu, kisha tukajaza mchanga huo huo kwenye magunia mawili waliyokuwa nayo na kuyalaza bodini juu ya ekseli. Nikatia gia ya pili, nikaachia klachi polepole. Likatoka kama halijawahi kukwama. Nikawapa ya chai, nikayanunua na yale magunia.

Siku hiyo iliniamulia mambo mawili. Magurudumu manne ningeyahitaji labda mara mbili kwa mwaka, na kwa mara hizo mbili ningelipa zaidi kununua, zaidi kwenye dizeli, zaidi kwenye spea. Pili, kasoro ya pikapu tupu inatibika, bora uijue kabla.

Kutafuta lenyewe kulichukua miezi miwili, na hapa ndipo pwani inapokuwa na mambo yake. Hewa ya chumvi haina huruma na chuma. Nilitembea na nyundo ndogo na bisibisi mfukoni. Kabla sijafungua boneti nililala chini ya gari na kugonga chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, hasa pale inapopanda juu ya ekseli ya nyuma na pale springi zinaponing'inizwa, kwa sababu matope hujikusanya hapo na kuziba vile vitundu vya kutolea maji. Chuma kizima hulia, tin! Kilicholiwa husema pu, kama unagonga kadibodi. Gari moja huko Changamwe lilikuwa limepakwa rangi nyeusi mpya chini kote, linang'aa. Muuzaji akaniambia ni matunzo. Niligonga mara nne, zote zikaita vizuri, ya tano bisibisi ikazama hadi kwenye mpini. Nikaichomoa, nikaifuta, nikamwambia asante. Hakunifuata.

Mwingine aliniapia kuwa lake ni la magurudumu manne, na bei akaiweka ya manne. Lilikuwa Isuzu D-Max, limeinuka, linavutia. Nilikuwa nimekwenda na ami. Mzee akainama kwenye kile kibati cha modeli, akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "T, F, R." Akaniangalia. Kwa D-Max hizo, TFR ni mbili, TFS ndiyo manne. Akachungulia na mbele, hakuna difu, zile gia za kwenye ekseli zinazoyapa magurudumu nguvu. "Kijana," akamwambia muuzaji kwa upole sana, "hii ya manne, mengine mawili umeyaweka wapi?"

Kitu kingine alichonifunza ni kuhesabu springi. Ukiona upande una chuma kimoja cha ziada, au boliti zinang'aa kuliko zilizo jirani yake, gari hilo lilikuwa linazidishwa mzigo, na giaboksi na difu zimeyajua hayo hata kama mwenyewe anakana.

Mwisho nilinunua D-Max hiyo hiyo ya TFR, lakini ya mtu mwingine, dabo kabini ya 2011, dizeli ya lita 2.5, kwa bei ya magurudumu mawili. D-Max huunganishwa Nairobi, kwa hivyo spea zake sihitaji kuagiza ng'ambo. Lilikuwa limeishi bara, na chini lilikuwa kavu. Kabla pesa hazijatoka mkononi nilitafuta rekodi za gari kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwa namba yake ya usajili, nikahakikisha jina ni la aliyesimama mbele yangu na hakuna benki iliyolishikilia. Kazi ya dakika chache. Jambo ambalo sikuwa nimelipigia hesabu ni kwamba pikapu huhesabiwa gari la mizigo: bima ni ya kibiashara, na ukaguzi ni wa kila mwaka. Probox yangu haikunizoesha hayo.

Wiki ya kwanza nikalitibu. Tairi za nyuma nilizikuta na PSI 50, upepo wa mtu aliyepakia. Kibandiko cha mlangoni kina vipimo viwili, cha tupu na cha mzigo, na wenye pikapu wengi husoma kimoja. Nikashusha hadi 35. Fundi akataka kupunguza chuma kimoja cha springi ili lilainike. Ami akakataa katakata, akasema siku ya mzigo nitalia. Badala yake nikabadilisha shoki za nyuma, zilizokuwa zimekufa zamani, na yale magunia mawili ya Tiwi nikayajaza upya, kama kilo 40 kila moja, nikayafunga bodini mbele kidogo ya ekseli. Siku ya friji nayashusha karakana. Kiti cha nyuma nilikipeleka kwa fundi wa makochi Kisauni, akakiongeza sponji chini ya mapaja ili mtu aketi amelalia nyuma kidogo. Mke wangu bado anakiita benchi, lakini sasa husinzia humo.

Dizeli nimeipima kwa kujaza tangi hadi shingoni, kutembea, kisha kujaza tena. Wiki ya foleni za Nyali na Buxton: kilomita 312, lita 34, yaani kama 9 kwa lita. Safari ya Malindi na kurudi ilinipa zaidi ya 11 kwa lita. Probox ilikuwa inakunywa kidogo kuliko hivyo, siwezi kudanganya. Na kuegesha mjini ni adhabu: gari lina urefu wa kama mita tano, na Marikiti nimeshaacha kuingia nalo.

Aprili lilinikwama Kwale, kwenye udongo mwekundu baada ya mvua. Hapo magunia hayakusaidia kitu. Tulisukumwa na watu sita, na nikarudi nyumbani na matope mpaka kwenye masikio. Niliwaza magurudumu manne njia nzima, nikafika Kombani penye lami, nikayasahau.

Jumapili zetu sasa mara nyingi ni Vuma. Tunapita kwenye makonge ya Vipingo, halafu vumbi mpaka kwenye majabali, mimi na mishipi, watoto na boksi la barafu. Mwezi uliopita jirani yangu anayejenga alipungukiwa na mchanga wa kumalizia plasta, akaniomba gunia moja. Nikampa. Jumapili tukaondoka na moja, na hatujafika Kikambala binti yangu akaniinamia kutoka kiti cha nyuma: "Baba, mbona gari laanza kuruka tena?"