Niliambiwa nakwenda chuo kikuu kusomea kushona

Siku majina ya waliochaguliwa yalipotoka, Baba mdogo alinipigia simu kabla sijamwambia mtu yeyote. Akanipongeza kwa kupata Mlimani, kisha akauliza nimechaguliwa kusoma nini. Nikamwambia uhandisi wa nguo. Akanyamaza kidogo.

"Kushona?"

"Si kushona, Baba. Uhandisi wa nguo."

"Sasa mwanangu, kushona si hata mama yako angekufundisha hapo barazani?"

Neno hilo nililisikia miaka yote minne. Mwalimu mmoja niliyemheshimu sana alinishauri niiache nafasi, nikae nyumbani mwaka mzima, halafu niombe uhasibu. Alinipenda na alisema kwa nia njema, lakini ushauri wenyewe ulikuwa mbovu, na hadi leo unanikera, maana najua kuna watoto wanaoambiwa maneno yale yale na wanayafuata.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada mbili za mambo haya katika Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia: uhandisi wa nguo, na usanifu na teknolojia ya nguo. Mimi nilisoma ya kwanza. Mwaka wa kwanza ni hesabu, mekanika na michoro ya kihandisi pamoja na wenzako wa mitambo. Nguo zinakuja baadaye, na zikija hazifanani na za dukani. Chandarua kinachotengenezwa Arusha, chenye dawa ndani ya uzi wenyewe wa polyethilini, ni nguo. Mkanda wa kiti cha gari ni nguo. Kuna uzi wa kushonea kidonda, kuna kitambaa kinachotandazwa chini ya lami ili udongo na kokoto visichanganyike, kuna koti la zimamoto. Nguo za namna hii, zinazotengenezwa kwa ajili ya kazi fulani, wataalamu wamezigawa makundi 12, na mavazi ni sehemu ndogo tu ya mambo hayo. Nilipoisikia hotuba hiyo mara ya kwanza nilitamani Baba mdogo awe amekaa kiti cha mbele.

Kama unaingia mwaka huu, usichezee hesabu za mwaka wa kwanza ukidhani si za nguo. Nilinusurika sapu, yaani mtihani wa marudio, kwa alama chache mno, na rafiki yangu mmoja alidisco, akaondolewa chuo, kwa somo hilo hilo.

Mwishoni mwa mwaka wa pili nikapata PT, mafunzo kwa vitendo, kwenye kiwanda ambacho sitakitaja. Nauli na chakula vilikula karibu bumu lote, ile hela ya mkopo ya kujikimu, na wiki mbili za kwanza tulihesabu marobota ya pamba ghalani. Wenzangu wakawa wanakuja, wanasaini, wanaondoka. Mimi nikaomba zamu ya usiku. Usiku mabosi hawapo na mafundi wana nafasi ya kukuonyesha kitu. Mama mmoja aliyekuwa kwenye mashine za kufuma tangu ujana wake aliniona nimesimama, akaniita kwa mkono, kwa sababu kelele za pale hazikuruhusu kuitana kwa mdomo. Uzi mmoja wa mtande, zile nyuzi zinazokwenda kwa urefu wa kitambaa, ulikuwa umekatika. Akaniwekea ncha mbili vidoleni.

Fundo la mfumaji ukilisoma kitabuni huwezi kulielewa. Kidole gumba kinabana pale nyuzi zinapopishana, uzi mmoja unazungushwa juu ya ukucha, ncha ya mwenzake inapenyezwa chini ya kitanzi, unavuta. Yule mama alilifunga haraka hivi kwamba niliona mwanzo na mwisho tu. Fundo likawa dogo kiasi cha kupita kwenye tundu bila kukwama. Nilirudi hosteli nikafunga nyuzi kwenye chuma cha kitanda, nikajifunza gizani mpaka vidole vikafanya vyenyewe. Wiki ya nne akaniacha peke yangu na mashine mbili. Nilifurahi siku ile kuliko siku ya mahafali. Vaeni barakoa nzuri lakini, vumbi la pamba si la kuchezea. Watu wanaolivuta miaka mingi huharibika mapafu.

Sasa niingie kwenye projekti ya mwaka wa nne, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Mimi ni mtoto wa Pangani. Mkonge wa nchi hii ulianza kwetu: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe. Kutokana na miche hiyo miaka ya 1960 nchi ikawa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Babu yangu alifanya kazi korona, kiwanda cha kuchakata mkonge, akisimama kwenye mashine inayoponda jani na kuacha nyuzi. Katika jani zima, nyuzi ni asilimia 4 hivi ya uzito, mengine yote ni maji na makapi. Kisha zikaja kamba za plastiki na nailoni, bei ya katani ikaanguka, na babu akarudi nyumbani na kikohozi na baiskeli.

Nikaamua projekti yangu iwe mkeka wa katani wa kushikilia udongo kwenye mteremko. Unautandaza, unapigilia vigingi, nyasi zinaota katikati ya matundu. Mikeka ya aina hii ipo duniani, mingine hufumwa kwa usumba wa nazi. Kuutengeneza haikunisumbua. Kilichonisumbua ni kupima ugwe wenyewe, ile kamba nyembamba ya katani inayofuma mkeka: unabeba mzigo kiasi gani kabla ya kukatika? Bila namba hiyo huna projekti, una mkeka tu.

Mashine ya kuvuta ina taya mbili. Unabana ugwe juu, unabana chini, taya zinaachana, mashine inaandika mzigo. Nikabana, nikavuta, ukakatika. Lakini ulikatikia ndani ya taya, pale ulipobanwa. Maana yake sikupima nguvu ya ugwe, nilipima jinsi taya zinavyoutafuna. Nikalegeza, ukateleza. Nikakaza, ukakatika mdomoni tena. Nikaweka vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli kati ya taya na ugwe, kama inavyoshauriwa kwa vitambaa. Mpira ukakunjamana na ugwe ukachomoka nao. Nikapaka gundi ncha nikasubiri ikauke usiku kucha. Gundi ikawa ngumu kama jiwe, na ugwe ukakatikia pale pale gundi inapoishia. Katika sampuli 40, zilizokatika katikati hazikuzidi 6, na namba zake zilitawanyika kiasi kwamba msimamizi wangu alizitazama, akanirudishia karatasi bila kusema kitu.

Hayo yalinichukua wiki tano. Kosa lilikuwa langu, mashine ile ilikuwa nzima na watu wa vitambaa waliitumia bila shida. Nililia chooni mara moja. Mwenzangu mmoja akanishauri nichague zile 6 nzuri na nyingine nizitupe kimya kimya. Nilikataa, na nawaomba mkatae. Mtu atakuja kupiga hesabu ya mteremko wa kweli kwa namba zako.

Nikaenda nyumbani siku nne, kisingizio kikiwa kununua katani nyingine. Jioni ya pili nilikuwa nimekaa karibu na maji nikitazama mashua ikifika. Mkondo wa mto pale ni mkali wakati maji yanapokupwa. Baharia akarusha amari, kamba ya kufungia mashua, Mjomba aliyekuwa nchi kavu akaidaka, akaizungusha kwenye nguzo mara tatu, akashika ncha kwa mkono mmoja. Mkono mwingine alikuwa na sigara. Mashua nzima, na mzigo wake wa nazi, ikavuta, ikasimama.

Hakufunga fundo. Hakukaza kitu. Nimekulia pale, nimeona jambo hilo maelfu ya mara, na siku ile ndiyo niliyoliona.

"Mjomba, kwa nini mara tatu?"

"Mbili inateleza, mama. Nne huwezi kuilegeza upesi."

Nikakimbia ndani kutafuta kalamu. Hesabu tulifundishwa: mvuto unapungua kila kamba inavyozunguka nguzo, na unapungua kwa kuzidisha, si kwa kutoa. Ukichukua msuguano wa 0.3 na mizunguko mitatu, mvuto wa upande wa mashua unaweza kuwa zaidi ya mara 280 ya ule wa mkononi. Kwa hiyo hakuna sehemu moja ya kamba inayobanwa kwa nguvu. Mzigo unashuka taratibu kwenye mzunguko wote, na mwisho kinabaki kiasi kidogo ambacho hata kibanio dhaifu kinakishika. Taya zangu zilikuwa zinatafuna kwa sababu nilizitaka zibebe kila kitu mahali pamoja.

Niliporudi Dar nikaenda mtaa wa Gerezani, kwa mafundi chuma. Fundi wa kwanza alitaka hela nyingi, wa pili akanielewa nilipomchorea kwenye vumbi la sakafu. Vipande viwili vya bomba la chuma la inchi 4, vikakerezwa vikawa laini, kila kimoja kikachomelewa ulimi wa bati nene ambao taya za mashine zingeubana. Vyote viwili kama elfu thelathini na kitu, pamoja na soda niliyomnunulia. Ugwe unazunguka bomba la juu mara tatu, ncha yake inashikwa na kibanio cha waya, unashuka, unazunguka bomba la chini vile vile.

Sampuli ya kwanza ilikatika katikati. Sauti yake ni kavu, kama kuvunja ukuni, na nyuzi zikachanua pande zote mbili kama ua la mahindi. Ya pili katikati. Ya tano katikati. Katika 40, zilizokatika karibu na bomba zilikuwa 3. Msimamizi akaja kusimama nyuma yangu, akaangalia sampuli mbili tatu, akauliza wazo nimelitoa wapi. Nikamwambia kwa Mjomba.

Mawili niwaambie, yasije yakawakuta. Kwanza, ukitumia bomba usichukue kurefuka kwa ugwe kutokana na mwendo wa taya, kwa sababu na ile sehemu iliyozunguka bomba inavutika. Weka alama mbili za wino kwenye sehemu iliyonyooka upime umbali wake. Katani hurefuka asilimia 2 au 3 tu, kosa dogo linakuharibia. Pili, unyevu. Katani hunywa unyevu wa hewa, na Dar siku ya mvua na siku ya jua ni ugwe mbili tofauti. Kanuni inataka sampuli zikae kwenye nyuzijoto 20 na unyevu wa asilimia 65. Mimi nilitumia ndoo yenye mfuniko, ndani bakuli la chumvi ya kupikia iliyokorogwa na maji hadi haiyeyuki tena. Hewa ya ndoo hiyo inatulia kwenye asilimia 75 hivi. Nikaandika wazi kwenye ripoti kwamba ni 75, si 65. Hawakunikata alama.

Siku ya kutetea projekti niliyaweka mabomba mezani. Maswali yote yalikuwa juu yake, kuhusu mkeka sikuulizwa hata moja, nami nilikuwa nimejiandaa kwa mkeka.

Mama yangu ni muuza vitenge na hakuwahi kuniuliza nitafanya kazi gani. Likizo moja alinikabidhi jora aliloambiwa ni pamba tupu. Nikachomoa uzi mmoja wa mtande na mmoja wa mshindio, unaopita kwa upana, nikawasha kiberiti. Wa mtande ukaacha jivu laini na harufu ya karatasi. Wa mshindio ukayeyuka ukawa kishanga cheusi kigumu. Akalirudisha jora siku ile ile, na tangu hapo hakuna mwenye duka anayemuuzia bila kumwangalia mkoba, kwamba kiberiti kimo. Baba mdogo aliisikia habari hiyo kwa watu. Alinipigia simu kuniuliza suruali zake za kazini ni za nini.

Mkeka wenyewe niliupeleka Lushoto, kwa bibi mzaa mama, kwenye ukingo wa nyuma ya jiko uliokuwa ukimwaga udongo mlangoni kila masika. Tuliutandaza mimi na wajukuu wenzangu, tukapigilia vigingi vya mti, tukapanda nyasi. Nimepita huko mwezi uliopita. Katani imeoza karibu yote, kama inavyotakiwa, ukivuta uzi unakatikia mkononi kama mkate. Nilijaribu kung'oa shina moja la nyasi pale ukingoni, likakataa, na bibi akanigombeza niache.